Kuomba ruzuku kwa faundesheni ya familia iliyo jirani yenu: mwongozo kwa vikundi vyetu vya Marekani

Habari zenu ndugu zangu. Naandika hii kwa ajili ya vikundi vyetu vya Waswahili huku Marekani, vya Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, vile ambavyo vinafanya kazi kubwa kwa hela za mifukoni mwa wanachama wenyewe, mtu anatoka shifti asubuhi hajalala anampeleka mama mwenzake hospitali akamtafsirie, na kwenye mji ule ule kuna familia ilishatenga mamilioni kwa kazi za aina hiyo na sheria inawabana wazitoe kila mwaka. Mi niko Grand Rapids, Michigan, ni katibu wa kikundi kwa miaka kadhaa sasa, na wanachama wetu wengi walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Nitautumia mji huu kama mfano, lakini hata ukiwa Louisville au Des Moines au Portland ya Maine njia ni hii hii, kinachobadilika ni sheria ndogo ndogo za jimbo.

Kabla ya yote shikeni hili moja: usiandike hata mstari mmoja wa kuomba kabla hujasoma hao watu walimpa nani mwaka jana na mwaka juzi. Mwaka wetu wa kwanza tuliandika barua moja, nzuri tu, tukaituma kwa faundesheni 14. Tukajibiwa na 3, zote hapana. Zingine kimya. Baadaye nilipojifunza kusoma rekodi zao niliumia kweli, maana kati ya zile 14 kuna 6 hazipokei maombi ya mtu yeyote na zimeandika hivyo kwenye karatasi ya wazi, na nyingine 2 zinatoa kwa wanyama na misitu tu. Tulipoteza miezi minne, na akina mama walikuwa wanasubiri.

Hatua ya 1: jua unaongea na nani

Faundesheni ya familia sio serikali. Ni mali ya ukoo, mara nyingi kuna babu alianzisha kiwanda au benki, akatenga mali yake, ikawekezwa kwenye hisa na hatifungani, na kinachozalishwa ndo kinatolewa sadaka kwa utaratibu. Hapa kwetu mji umejengwa na fanicha za ofisi. Kampuni ya Steelcase ilianza 1912, na Peter M. Wege, ambaye baba yake alikuwa kati ya waanzilishi, akafungua Wege Foundation mwaka 1967, mzee aliyejali sana mazingira. Frey Foundation ilianzishwa 1974 na Edward Frey, mtu wa benki, pamoja na mkewe Frances. Ukienda Minnesota utakuta McKnight ya 1953 ambayo mzizi wake ni kampuni ya 3M, Cleveland kuna George Gund ya 1952. Hizo ni zenye majina. Ila kila kaunti ina vidogo vingine visivyo na hata websaiti, ofisi yake ni kwa wakili fulani mjini, na mara nyingi hivi ndo vinafaa kikundi kidogo kama chetu.

Tangu sheria ya kodi ya 1969 faundesheni binafsi inatakiwa kutoa sehemu ya mali yake kila mwaka, na siku hizi ni kama asilimia 5 ya thamani ya wastani ya kile ilichowekeza. Yaani yenye milioni 40 inatakiwa itoe kama milioni 2, na humo ndani wanaruhusiwa kuhesabu na gharama halali za kuendesha kazi yao ya kutoa. Hapo kuna mambo mawili ya kuelewa. Moja, hamwendi kuombaomba, kutoa ni kazi yao ya kisheria na wanatafuta watu wa kuwapa, kwa hiyo ingia kichwa kikiwa juu. Pili, chungu kina mwisho, sehemu kubwa ya ile milioni 2 unaweza kukuta imeshaahidiwa hospitali au chuo au jumba la makumbusho kwa miaka mitatu mbele.

Msichanganye na faundesheni za jamii, zile ambazo hela ni za watu wengi wa mji zimewekwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa Cleveland mwaka 1914, ya hapa Grand Rapids ni ya 1922. Nazo ziombeni, lakini kule huongei na ukoo, unaongea na kamati.

Kwa faundesheni ya familia mahali ni kila kitu. Wanapenda pale walipokulia. Ukiandika "tunahudumia jamii ya Waafrika Marekani nzima" umeshajitoa. Ukiandika "tunahudumia familia za Kentwood na Wyoming, kaunti ya Kent" (ni miji ya jirani na Grand Rapids, sio lile jimbo la Wyoming) mtu wa upande wa pili anajua ni barabara gani unayoizungumzia.

Hatua ya 2: makaratasi, bila haya hata msianze

Hapa nitaenda haraka maana vipo wazi, lakini vikundi vingi vinakwama hapa hapa.

Mnatakiwa muwe asasi iliyosajiliwa na jimbo. Michigan ada ya kusajili ni dola 20, bodi isiyopungua watu 3, afu kila mwaka mnapeleka ripoti ndogo na dola 20 nyingine. Mnachukua namba ya EIN, yaani namba ya asasi ya kodi, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hiyo ni bure, mtu akikudai hela ya EIN mkimbie. Halafu mnaomba hadhi ya 501(c)(3), yaani asasi ya hisani iliyosamehewa kodi ya mapato. Kama mapato yenu hayazidi dola 50,000 kwa mwaka na mali haizidi 250,000, wengi wanatumia fomu fupi ya 1023-EZ, ada dola 275, inajazwa kwenye mtandao. Fomu ndefu ni dola 600. Na kabla ya kuanza kuchangisha hadharani angalieni ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lenu inataka nini, kila jimbo lina lake.

Afu kuna kitu kinaua vikundi vyetu kimya kimya. Kila mwaka lazima mpeleke taarifa IRS hata kama hamkupata kitu. Kikundi kidogo kinapeleka 990-N, ni dakika kumi tu kwenye kompyuta, kwa wanaofuata mwaka wa kalenda mwisho ni tarehe 15 Mei. Miaka mitatu mfululizo bila kupeleka, hadhi inafutwa yenyewe, hamna kikao. Na faundesheni kitu cha kwanza wakipokea ombi lenu ni kuingia kwenye orodha ya IRS wakatafuta jina lenu. Jitafuteni nyie kwanza. Mi najua kikundi kimoja, sikitaji, mwenyekiti wa zamani alihamia Texas na nywila zote, mwaka wa nne ndo wakagundua.

Kama bado hamna hadhi, tafuteni asasi mlezi, yaani asasi iliyo tayari na 501(c)(3) inayopokea hela kwa niaba yenu na kusimamia hesabu, nyie mnafanya kazi. Huwa inakata asilimia fulani, 5 mpaka 10 ni kawaida, wengine zaidi. Andikianeni mkataba hata kama ni kanisa lenu wenyewe na Baba Pastor ni shemeji yako. Faundesheni yenyewe inaweza kisheria kumpa mtu asiye na hadhi lakini inabidi ifuatilie kila senti na kutoa taarifa zake, ndogo nyingi hazitaki huo mzigo.

Na hela ya msiba. Hili nitalisema kwa urefu maana nimeona linavyotesa. Sisi kikundi chetu kilianza kama vya wengi vinavyoanza, mtu kafiwa, mnachanga, mwili unasafirishwa au unazikwa hapa, watu wanakula, maisha yanaendelea. Ni kitu kitakatifu na mi sitaki kife. Lakini hela ya rambirambi haitakiwi ikae kwenye akaunti ya asasi, hata wiki moja. Asasi yenye hadhi ya kodi haipo kwa ajili ya kunufaisha wanachama wake binafsi, na siku faundesheni inataka taarifa ya benki ya miezi mitatu ikakuta dola 4,000 zimeenda kwa mtu mmoja zimeandikwa jina lake tu, utaanza kueleza mila kwa emaili na hutamaliza. Sisi tulikaa kikao, kilikuwa kigumu, wazee walisema mnataka kutuletea uzungu kwenye misiba yetu. Mwishowe tukatenganisha, mfuko wa msiba una kamati yake, daftari lake na akaunti yake isiyotumia EIN ya asasi, na mweka hazina wake ni mtu mwingine kabisa. Leo hao wazee ndo wakali zaidi wa kuulinda huo mpaka.

Hatua ya 3: soma 990-PF zao, hapa ndo penye kazi

Kila faundesheni binafsi inajaza fomu inaitwa 990-PF kila mwaka na ni ya wazi kwa mtu yeyote. Unaipata bure kwenye tovuti ya IRS yenyewe au ya shirika la habari la ProPublica, unaandika jina la faundesheni au hata jina la mji, inakuja. Candid, shirika linalokusanya taarifa za faundesheni na asasi, ambalo ni muungano wa 2019 wa Foundation Center na GuideStar, ina kanzidata kubwa ya kulipia lakini maktaba nyingi za umma zina kompyuta unayoweza kuitumia bure, muulize mkutubi.

Usiogope urefu. Fungua ya karibuni zaidi na ya mwaka uliotangulia, weka kikombe cha chai pembeni, tafuta vitu hivi.

Ukurasa wa kwanza juu kuna thamani ya mali yote mwisho wa mwaka. Inakupa picha, faundesheni ya laki nane na ya milioni themanini haziombwi kiasi kimoja.

Kisha tafuta orodha ya wakurugenzi na wadhamini. Utaona jina la ukoo limerudiwa mara nne mara tano, baba, binti, mkwe, mjukuu. Ichapishe hiyo orodha upeleke kwenye kikao cha kikundi. Sisi tulipofanya hivyo mama mmoja anayefanya usafi kwenye shule moja alisema huyu namjua, huwa anakuja kusomea watoto vitabu siku za Jumatano. Hatukumtuma mama yule akaombe hela, hapana, ila tulijua kwamba nyumba ile inajali watoto kusoma, na tukajua na mlango wa kubisha.

Halafu nenda karibu na mwisho wa fomu, sehemu ya maelezo ya nyongeza. Kuna kijisanduku kinachosema faundesheni inawapa wale tu iliyowachagua yenyewe na haipokei maombi ya watu ambao haikuwaita. Kama kina tiki, weka pembeni, usitume. Tafuta kujuana nao kwa njia nyingine polepole lakini barua usitume. Kama hakina tiki, chini yake wameandika maombi yapelekwe kwa nani, yawe na nini, mwisho lini, na mipaka yao, kwa mfano kaunti fulani tu. Mistari minne tu hiyo, lakini watu wengi sana wanaomba bila kuisoma.

Kisha orodha yenyewe ya waliopewa: jina, mahali, hadhi yake, kwa ajili ya nini, kiasi gani. Hapa chukua daftari. Mi huwa napiga mistari mitatu wima. Wa kwanza, waliopewa walio kama sisi kwa ukubwa. Wa pili, kiasi. Wa tatu, jina limerudi miaka miwili? Ukiona kwamba vikundi vidogo vinapata kati ya 5,000 na 15,000 na ni hospitali tu inayopata laki, basi ombi lenu la kwanza ni elfu kumi na kidogo, usiombe laki kwa sababu eti wanazo. Ukiona majina yale yale kila mwaka na hamna jipya hata moja, hiyo ni nyumba iliyofungwa. Ukiona kuna jipya mawili matatu kila mwaka, mlango upo wazi. Afu angalia neno walilotumia kwenye kusudi, "kusoma", "ajira", "wageni wapya", "afya ya mama". Hilo ndo neno la familia ile, na kama kazi yenu kweli inagusa hapo, ianze barua yako hapo.

Kumbuka fomu huwa iko nyuma mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo kama wana websaiti linganisha, wanaweza kuwa wamebadilisha mwelekeo.

Kati ya 14 zetu, baada ya kusoma zilibaki 3. Tukaandika 3 tu. Tukapata 1. Kwangu hiyo ni hesabu nzuri kuliko ile ya kwanza.

Hatua ya 4: piga simu kabla ya kuandika

Kama wameweka namba au jina la afisa programu, yaani mtu wao anayeshughulikia maombi, omba dakika ishirini. Sisi tumelelewa kwamba huanzi na shida, unaanza na salamu, habari za watoto, za nyumbani, za safari, ndo unafika. Huku salamu iwe fupi na ya moyo, kisha sema kwa sentensi mbili sisi ni nani, tunafanya nini, wapi. Halafu uliza: kazi ya aina hii inaingia kwenye mnayojali sasa hivi? Kikundi cha ukubwa wetu mnaona kiasi gani kinafaa? Bodi inakaa lini? Mnatoa kwa mradi tu au na kwa uendeshaji wa asasi? Kisha nyamaza usikilize na uandike.

Akikuambia "mwaka huu sidhani", usibishane. Ni zawadi, kakuokolea wiki tatu. Mshukuru na umuulize kama kuna mwingine mjini anamjua anayejali jambo hilo. Hawa watu wanajuana wote, na jina tulilopata kwenye simu ya hapana ndo lililotufungulia hela ya kwanza.

Hatua ya 5: barua na andiko

Wengi wanataka kwanza barua ya kuulizia, kurasa moja au mbili, wakiipenda wanakuita ulete andiko kamili. Nitaonyesha aya moja, ya kwetu kabisa, ya mradi wa kufundisha akina mama udereva. Ya mwanzo ilikuwa hivi:

"Asasi yetu inalenga kuwawezesha wanawake wakimbizi kijamii na kiuchumi ili kuleta maendeleo endelevu katika jamii."

Haina uongo lakini haina mtu ndani. Ingeweza kuandikwa na yeyote popote. Tukakaa na akina mama wenyewe Jumapili baada ya ibada, tukauliza maswali, tukahesabu, ikawa hivi:

"Akina mama 31 wa kikundi chetu wanafanya kazi shifti ya usiku kwenye viwanda vilivyo nje ya mji ambako basi halifiki saa hizo. Hawana leseni. Kila mmoja analipa lifti dola 12 kwa siku, na siku dereva akiumwa hakuna kazi, na akikosa siku tatu anafutwa. Tunaomba kuwafundisha 20 kati yao udereva ndani ya miezi sita, na kuwatunzia watoto wakati wa masomo."

Mnaona? Shida ina hesabu, ina saa, ina mtu. Na ombi limekaa pale pale, halijafichwa ukurasa wa tatu.

Andikeni kwanza kwa Kiswahili. Kweli kabisa. Tukianza na Kiingereza tunaandika maneno makubwa tuliyoyasikia kwenye semina za mashirika kule kambini, uwezeshaji, uendelevu, ushirikishwaji, na kile tunachokijua kinapotea. Andika kama unamweleza shangazi yako, kisha mpe kijana aliyesoma huku aitafsiri, umsimamie asiongeze chumvi.

Elezeni pia kwa nini ni nyie. Kwamba mnaongea lugha zao, kwamba mama akikosa somo kuna mtu atamgongea mlango jioni, hilo hakuna asasi kubwa ya mjini inaliweza. Na msiseme vibaya asasi nyingine, hata kama inastahili. Mji ni mdogo.

Angalieni mambo ambayo wengi hawagharamii: mtu binafsi, madeni, ibada na mahubiri, sherehe za kuchangisha. Kama kikundi kimezaliwa kanisani au msikitini, semeni wazi kwamba huduma ni kwa kila mtu na hakuna mahubiri ndani ya darasa, na iwe kweli.

Hatua ya 6: bajeti isemayo ukweli

Hapa ndo wanakujua vizuri zaidi kuliko kwenye maneno. Chukua mradi ule ule wa udereva, nipige hesabu za mfano. Mwalimu wa udereva, akina mama 20, saa 8 kila mmoja, dola 70 kwa saa, ni 11,200. Watunza watoto wawili, saa 3, vipindi 24, dola 18 kwa saa, ni 2,592. Mkalimani wa darasa la sheria za barabarani saa 12 kwa dola 35, ni 420. Ada za kibali na mitihani tuseme 100 kila mama, 2,000. Mratibu saa 10 kwa wiki, wiki 24, dola 22, ni 5,280. Jumla 21,492. Ongeza asilimia 10 ya uendeshaji, bima, simu, programu ya hesabu, ni 2,149. Unafika 23,641.

Kuna mambo mawili ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Mratibu alipwe. Tulizoea kuandika sifuri mbele ya jina letu kwa unyenyekevu, tukidhani wataona tunajitolea, kumbe mtu wa upande wa pili anaona mradi usio na mwenyewe, na ana haki, maana katibu akipata kazi ya pili mradi unakufa. Na ile asilimia ya uendeshaji msiione aibu, kama wana kikomo wataandika, fuateni kikomo chao.

Upande wa mapato msiweke faundesheni moja kubeba yote. Kwa mfano huu omba 15,000, akina mama wachangie 50 kila mmoja ni 1,000, chakula cha jioni cha pilau 3,000, iliyobaki 4,641 semeni mmeiomba wapi na kama imeshakubaliwa au bado. Ukumbi wa kanisa mnaopewa bure na saa za wanaojitolea viandikeni pembeni kama mchango usio wa fedha, vina thamani na vinaonyesha watu wanawaamini.

Kisha mtu asiyeandika bajeti aipige tena na kikokotoo. Jumla isipolingana na ile ya kwenye barua wanaacha kusoma.

Hatua ya 7: wakija kuwatembelea

Wakisema wanakuja, mmekaribia. Sisi mara ya kwanza tuliandaa meza ya vyakula, risala, wazee sita wa kuongea na kitenge cha kuwavisha wageni. Walikuwa wawili, mmoja mjukuu wa mwanzilishi, walikuwa na saa moja. Risala zilikula dakika arobaini. Kitenge walikataa kwa upole kwa sababu kanuni yao hairuhusu zawadi, na mama aliyekuwa amekishona aliumia, na lile kosa lilikuwa letu maana hatukuuliza.

Mara ya pili tulifanya tofauti. Chai na mandazi, mwenyekiti dakika tatu, kisha tukawapeleka chini kwenye darasa lenyewe, chumba cha chini cha kanisa, viti vya kukunja, kwenye ubao mzunguko wa barabara umechorwa kwa chaki, mama mmoja anasogeza kigari cha kuchezea cha mwanae akieleza kwa Kiswahili nani anapita kwanza na binti wa mwenzake anatafsiri. Yule mgeni akavuta kiti akakaa. Akauliza mama kabla ya hapa ulikuwa unafikaje kazini, mama akamjibu. Sisi viongozi hatukusema kitu.

Muwe na daftari la mahudhurio karibu, nakala za muhtasari wa vikao, na mweka hazina awepo. Swali la hesabu lijibiwe na mweka hazina, sio mwenyekiti.

Hatua ya 8: hela imeingia

Inakuja na barua ya makubaliano. Isomeni bodi nzima, muipitishe kwenye kikao na iandikwe kwenye muhtasari. Kama wamesema ni ya udereva basi ni ya udereva, hata kodi ya ofisi ikiwa inadaiwa. Ipeni safu yake kwenye hesabu, risiti zake kwenye bahasha yake, ya mwezi kwa mwezi, picha ya kila risiti kwenye simu pia maana zile karatasi za mashine zinafutika wino.

Sahihi mbili kwenye kila malipo. Hata kama mnaaminiana, yaani hasa kama mnaaminiana, ili urafiki usije ukaingia kwenye maswali.

Mambo yakibadilika pigeni simu kabla, sio baada. Mwalimu wetu aliacha katikati ya Januari, theluji imejaa, masomo yakasimama wiki tano. Niliogopa kusema. Mwishowe nikapiga, yule afisa akaniambia asante kwa kuniambia, mnahitaji muda gani, akaongeza miezi miwili kwa emaili moja tu.

Hatua ya 9: ripoti, na kuomba tena

Ripoti ipelekwe kabla ya tarehe. Semeni mlichoahidi na kilichotokea. Tuliahidi akina mama 20 wapate leseni, walipata 13. Tukaandika 13, na tukaandika kwa nini: wawili walijifungua, mmoja alihamia Iowa, wanne walifeli mtihani wa barabarani na wanarudia. Tukasema pia kwamba 9 kati ya wale 13 wameacha kulipa lifti na wanawachukua wenzao. Mwaka uliofuata walitupa tena, na wakaongeza, na afisa alisema waliipenda ile sehemu ya waliofeli kwa sababu walijua tunahesabu kweli.

Mkikataliwa, andikeni asante siku hiyo hiyo, na ulizeni kama wanaweza kuwaambia kilichopungua. Wengine hawatajibu. Wanaojibu wanakupa dhahabu. Faundesheni nyingi zina kanuni ya kusubiri mwaka kabla ya kuomba tena, wekeni tarehe kwenye kalenda ya kikundi, sio ya simu ya mtu mmoja.

Na hii ya mwisho fanyeni wiki hii hii hata kama hamjaanza kuomba: fungueni emaili ya asasi, sio ya katibu, na nywila zote, za IRS, za jimbo, za benki, za faundesheni, ziwe kwenye bahasha iliyofungwa, nakala kwa watu wawili wa bodi wasiokaa nyumba moja. Ya kwetu moja iko kwangu na nyingine kwa mama mweka hazina, na kila uchaguzi tunaifungua mbele ya kikao tunaangalia kama bado zinafanya kazi.